Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Askofu wa Enzi za Kati: Mfano wa Hugh wa Lincoln

Baadhi ya parokia, shule na zahanati za Kikatoliki katika maeneo ya Kisumu, Kakamega, Bungoma na Nakuru zina majina ya watu walioishi Ulaya miaka mia saba au mia nane iliyopita. Sikukuu ya msimamizi inapokaribia, kuna mtu anayeombwa aandae kurasa mbili tatu juu ya maisha yake: mara nyingi ni katekista, mwalimu wa dini, au kijana wa kwaya ambaye wazee wanajua kwamba hashindwi na kalamu. Akiwa hana wa kumwelekeza, mwandishi huyo hunakili miujiza minne, huongeza tarehe ya kifo na sala fupi, kisha huipeleka kazi kwa mpiga chapa. Msomaji humaliza kurasa hizo bila kujua askofu alichaguliwa na nani, aliendesha jimbo lake kwa mali ipi, aligombana na nani, wala alishindaje siku zake.

Msimamo wangu ni kwamba wasifu wa askofu uanzie kwenye kazi yake, na kwamba kila habari iingizwe baada ya kuulizwa imetoka kwa shahidi gani na shahidi huyo alikuwa wapi jambo lilipotokea. Nitaonyesha hatua hizo kwa kumtumia mtu mmoja, Hugh wa Lincoln, aliyekuwa askofu nchini Uingereza kuanzia mwaka 1186 hadi 1200. Anafaa kwa mafunzo kwa sababu aliandikwa na mtu aliyeishi naye chini ya paa moja, alitajwa na waandishi wengine wa wakati wake, na hati nyingi za ofisi yake zimesalia. Anayemwandika askofu mwingine wa enzi hizo, kama Anselm, Thomas Becket au Stanislaus wa Kraków, atapita njia ileile.

Hakikisha kwanza ni yeye

Ukiandika jina la Hugh wa Lincoln kwenye intaneti, iwe kwa simu yako au kwenye saiba yoyote ya Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu, utaletewa watu wasiopungua watatu waliochanganywa. Wa kwanza ni huyu wetu, aliyezaliwa Avalon karibu na Grenoble, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa. Wa pili ni Hugh wa Wells, aliyekalia kiti hichohicho cha Lincoln kuanzia 1209 hadi 1235. Wa tatu ni mtoto aliyekutwa amekufa mjini Lincoln mwaka 1255, ambaye kifo chake kilisingiziwa Wayahudi wa mji ule na kusababisha baadhi yao kunyongwa bila hatia. Juu ya hao yupo Hugh wa Grenoble, askofu aliyempokea Bruno na wenzake mwaka 1084 walipokwenda kuanzisha makao ya Wakartusi milimani, na kwa kuwa Hugh wetu alikuwa Mkartusi kutoka pande hizohizo, ni rahisi mno kumvika askofu mmoja matendo ya mwingine.

Kosa la kumchanganya askofu na yule mtoto wa 1255 ni baya kuliko mengine. Hugh wa Avalon anasimuliwa kuwa alisimama mbele ya watu wenye silaha waliokuwa wakiwashambulia Wayahudi mwaka 1190, na mwandishi wake anasema Wayahudi wa Lincoln walimlilia kwenye mazishi yake. Kumwandika chini ya kisa kilichotumiwa kuwaua watu hao ni kumtukana.

Kwa hiyo, kabla ya sentensi ya kwanza, chukua karatasi na uandike jina la askofu, mahali alipozaliwa, jina la baba yake, kiti alichokalia, mwaka alioanza na mwaka alioacha. Habari yoyote isiyolingana na karatasi hiyo iweke kando hata kama ni tamu.

Panga ngazi ya kazi yake

Askofu wa karne ya 12 hakuzuka tu kanisani akiwa na fimbo mkononi. Alipanda ngazi, na kila daraja lilimwachia tabia fulani ambayo utaiona baadaye katika uongozi wake.

Hugh alizaliwa karibu na mwaka 1140. Baba yake, William, alikuwa mtawala wa Avalon, yaani kabaila mwenye ngome na ardhi. Mama yake alifariki Hugh akiwa bado mdogo, na baba, badala ya kuoa tena, alimchukua mtoto wakaingia wote wawili katika nyumba ya wakanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadre wanaoishi pamoja kwa kanuni, pale Villarbenoît. Huko Hugh alisoma, akapewa ushemasi akiwa na miaka 19, na baadaye akakabidhiwa kanisa dogo la kuhudumia. Tayari hapo mwandishi ana jambo la kusema: huyu alikuwa ameonja kazi ya parokia kabla ya kuwa mmonaki.

Alipofika umri wa miaka ishirini na kitu alihamia kwa Wakartusi wa Grande Chartreuse, shirika ambalo kila mmonaki huishi katika chumba chake peke yake, hukutana na wenzake kwa ibada chache, wala hali nyama. Baada ya miaka alifanywa mtunza mali wa monasteri, cheo kilichomlazimu kushughulika na wafanyakazi, mifugo, wageni na mabwana wa nje. Waandishi wengi hukiruka cheo hiki kwa kuwa hakina utukufu. Mimi ningekipa aya nzima, maana mtu aliyejifunza kuhesabu magunia na kujadiliana na majirani ndiye tutakayemkuta baadaye akimkatalia mfalme kwa hoja za sheria na si kwa machozi.

Mfalme Henry II wa Uingereza, katika malipizi yake baada ya Thomas Becket, Askofu Mkuu wa Canterbury aliyekuwa amegombana naye, kuuawa Desemba 1170, alikuwa ameanzisha monasteri ya Wakartusi pale Witham, katika eneo la Somerset. Kazi ilikwama mikononi mwa wakuu wa mwanzo. Karibu na mwaka 1180 mfalme alituma wajumbe wakamwombe Hugh, naye akaenda baada ya kuamriwa na wakubwa wake. Alipofika alikuta kwamba wakazi wa ardhi ile walikuwa waondolewe ili wamonaki wapate nafasi. Hugh alikataa kuanza ujenzi hadi kila familia ilipwe au ipewe ardhi mahali pengine, na akadai hata thamani ya mbao za nyumba zao zilizokuwa zibomolewe. Kwa msomaji wa Nakuru au wa kingo za Mau, ambaye habari za watu kuhamishwa na za fidia isiyofika amezisikia tangu utoto, kisa hiki kinafaa kupewa nafasi zaidi ya muujiza wowote. Kisimulie polepole: nani alihamishwa, nani aliagiza, nani alilipa.

Eleza alivyochaguliwa

Hapa ndipo wasifu mwingi hudanganya bila kukusudia, kwa kuandika tu kwamba “Papa alimteua.” Katika karne ya 12 utaratibu wa Uingereza haukuwa huo. Kwa mujibu wa sheria ya Kanisa, askofu alichaguliwa na baraza la wakanoni, yaani mapadre waliohudumu katika kanisa kuu la jimbo. Kwa hali halisi, mfalme ndiye aliyetaja mtu anayemtaka, kwa kuwa askofu alikuwa pia bwana wa ardhi kubwa na mshauri wa dola. Kati ya sheria na hali halisi palikuwa na mvutano usiokwisha, na Becket alikuwa amekufa ndani ya mvutano wa aina hiyo.

Jimbo la Lincoln lilikuwa limeteseka kwa sababu hiyo. Askofu Robert de Chesney alifariki mwishoni mwa 1166. Kiti kikakaa wazi kwa miaka, kisha akatajwa Geoffrey, mwana wa mfalme aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye alishikilia mapato ya jimbo akiwa mteule bila kuwekwa wakfu, hadi akajiuzulu. Akaja Walter wa Coutances, lakini baada ya muda mfupi akahamishiwa Rouen. Ukijumlisha, waamini wa Lincoln walikaa karibu miaka ishirini bila askofu anayekaa nao kwa kudumu. Usiiache habari hii nje, kwa sababu inaeleza kwa nini Hugh alipoingia alikuta kazi ya kipaimara, ya kuweka wakfu makanisa na ya kuamua kesi imerundikana.

Mwezi Mei 1186, katika kikao kilichofanyika Eynsham, wakanoni wa Lincoln walimchagua Hugh mbele ya mfalme. Yeye alikataa. Alisema uchaguzi uliofanywa machoni pa mfalme si uchaguzi huru, akawataka warudi Lincoln, wakae peke yao na wachague upya. Walirudi, wakamchagua tena. Hata hapo alisema mmonaki hawezi kukubali cheo bila ruhusa ya mkuu wake, na ikabidi ruhusa itafutwe Grande Chartreuse. Aliwekwa wakfu Westminster tarehe 21 Septemba 1186, na siku nane baadaye akasimikwa Lincoln.

Kwa kupatanisha na jambo ambalo wasomaji wako wanalijua, unaweza kuongeza sentensi moja juu ya utaratibu wa leo. Maurice Otunga, mwana wa Bungoma, alipofanywa askofu msaidizi wa Kisumu mwaka 1956, uteuzi ulitoka Roma moja kwa moja, na ndivyo maaskofu wa Kenya wanavyopatikana hadi sasa. Sentensi moja yatosha, kwa kuwa wasifu ni wa Hugh.

Mhoji shahidi

Shahidi mkuu wa maisha ya Hugh ni Adam wa Eynsham, mmonaki Mbenediktini aliyekuwa kasisi wa nyumba ya askofu. Kazi yake ya Kilatini, iliyogawanywa katika vitabu vitano, imechapwa mara kadhaa, na chapa ya mwaka 1864 haina tena kizuizi cha hakimiliki, kwa hiyo inasomeka bure kwenye intaneti. Asiyejua Kilatini atahitaji padre au mseminari wa kumsaidia katika vifungu anavyokusudia kuvitumia.

Swali la kwanza la kumuuliza Adam ni hili: alianza lini kukaa na askofu? Jibu ni mwishoni mwa mwaka 1197. Maana yake ni kwamba alikuwa naye kwa miaka mitatu ya mwisho tu. Mambo ya Avalon, ya Grande Chartreuse, ya Witham na ya miaka kumi na mmoja ya kwanza ya uaskofu aliyasikia kutoka kwa wengine, au kwa Hugh mwenyewe wakiwa safarini na mezani. Piga mstari kwenye ratiba yako pale mwisho wa 1197. Yaliyo chini ya mstari yaandike kwa “Adam alishuhudia,” na yaliyo juu yake kwa “Adam alisimuliwa.” Kazi hii ndogo ya saa moja itaupa wasifu wako uaminifu ambao kurasa nyingi za intaneti hazina.

Swali la pili ni: aliandika kwa ajili ya nani? Adam aliandika miaka kadhaa baada ya kifo cha askofu, kwa ombi la Wakartusi wa Witham, wakati ambapo watu walikuwa wakitarajia Hugh atangazwe mtakatifu. Atakayejua aina hii ya maandishi bila kufundishwa ni mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria matanga huku magharibi mwa Kenya na kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa mbele ya jeneza: yanayosemwa ni kweli, yamechaguliwa kwa uangalifu, na nusu ya waliohudhuria wanajua yaliyoachwa. Basi msome Adam hivyo. Usimwite mwongo, bali tafuta alichokiacha.

Swali la tatu ni kama shahidi anajisimamia au anamnakili mwingine. Chukua kisa mashuhuri kuliko vyote, cha batamaji wa Stow. Inasemwa kwamba wakati Hugh aliposimikwa, ndege mkubwa mweupe alitokea kwenye bwawa la makazi ya askofu pale Stow karibu na Lincoln, akawafukuza batamaji wengine, akamzoea Hugh kiasi cha kuingiza kichwa katika mkono wa vazi lake kutafuta mkate, na akawa mkali kwa kila mtu mwingine. Habari hii imo kwa Adam na imo pia kwa Gerald wa Wales, mwandishi mwingine wa wakati ule, kwa hiyo mwandishi mwenye haraka atasema imethibitishwa na mashahidi wawili. Lakini Gerald ndiye aliyeandika kwanza, na Adam alichukua maelezo kutoka kwake. Katika suala la ndege yule tuna shahidi mmoja na mwangwi wake, ingawa Adam anaongeza yale aliyoyaona mwenyewe miaka ya mwisho. Mimi binafsi nakiamini kisa hiki, kwa sababu ndege wa majini humzoea anayemlisha, na mvuvi yeyote wa Dunga anaweza kukueleza habari za ndege wanaomjua mwenye mashua. Hata hivyo kukiamini ni jambo moja na kuhesabu mashahidi ni jingine.

Mfuate barabarani

Jimbo la Lincoln lilianza mto Humber kaskazini na kufika mto Thames kusini, umbali unaozidi ule wa kutoka Kisumu hadi Nakuru, na lilikuwa miongoni mwa majimbo makubwa zaidi ya Uingereza. Liligawanywa katika sehemu nane, kila moja chini ya shemasi mkuu. Chora ramani yake kwa mkono, uweke alama pale askofu anapotajwa kuwapo: Lincoln, Stow, Northampton, Oxford, Godstow, Buckden. Utaona haraka kwamba kazi ya askofu ilikuwa kusafiri, na kwamba farasi alikuwa kifaa chake cha kazi kama kalamu.

Katika safari hizo ndipo utamkuta akifanya yale ambayo cheo kilimdai. Watu walileta watoto kando ya njia wapate kipaimara. Adam anasimulia kwamba maaskofu wengine walitoa sakramenti hiyo wakiwa wamekaa juu ya farasi, watoto wakilia na farasi wakirusha miguu, ilhali Hugh alishuka kila mara, hata alipokuwa amechoka, akawaita watoto na wasimamizi wao mmoja mmoja. Pia hakuweza kupita maziko. Akikuta maiti njiani au kanisani alisimama kumzika, na siku moja alimchelewesha mfalme kula kwa sababu hiyo. Aliingia katika nyumba za wenye ukoma, akawaosha miguu na kuwabusu. Kansela wake, William de Montibus, alipomkumbusha kwamba Martin wa Tours alimponya mkoma kwa busu, Hugh alijibu kwamba busu la Martin liliponya mwili wa mgonjwa, lakini busu la wagonjwa hawa linaiponya roho yake yeye. Wasomaji wanaotoka Busia, ambako Alupe palijulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kutibu ukoma, wataelewa kwamba jambo hilo halikuwa dogo.

Usiache nyuma kazi zisizopendeza. Mwaka 1190 kijana mmoja aliyekuwa ameshiriki kupora Wayahudi pale Stamford aliuawa mjini Northampton na mtu aliyetaka mali aliyopora. Watu wakaanza kukesha kaburini kwake wakisema ni shahidi wa imani, na wenye biashara wakafurahia wageni. Hugh alikwenda mwenyewe, akaondoa alama zote za heshima na kupiga marufuku ibada ile, akikabiliana na ghadhabu ya wenyeji. Askofu aliyekataza watu kumheshimu mtakatifu wa uongo ni habari muhimu kwa yeyote anayetaka kueleza kwa nini Kanisa baadaye lilichunguza miujiza ya Hugh huyohuyo kwa makini.

Kuhusu ujenzi unaweza kwenda kwa haraka. Tetemeko la ardhi la tarehe 15 Aprili 1185 lilikuwa limeharibu kanisa kuu, naye akaanza kulijenga upya mwaka 1192. Wanasema alibeba mawe mwenyewe. Sehemu ya kwaya ya jengo hilo ingali inaitwa kwa jina lake.

Mweke mbele ya mfalme

Hugh alitumikia chini ya wafalme watatu, Henry II, Richard I na John, na akagombana na kila mmoja bila kupoteza kichwa wala kiti. Katika wasifu wa kurasa tatu chagua magomvi mawili, uyaeleze kwa ukamilifu, kuliko kuyataja yote kwa mstari mmoja mmoja.

La kwanza ningelichagua la msitu. Misitu ya mfalme ilikuwa na sheria zake, na walinzi wake waliwatoza faini na kuwafunga maskini kwa kukata kuni au kuwinda paa. Anayeishi kando ya msitu wa Kakamega hahitaji maelezo marefu kuhusu uzito wa askari wa msitu. Hugh alimtenga na Kanisa mkuu wa walinzi hao bila kumwomba mfalme ruhusa, na wakati huohuo akakataa kumpa mtumishi wa ikulu nafasi ya ukanoni katika kanisa lake kuu. Henry alimwita Woodstock. Askofu alipofika alimkuta mfalme ameketi chini msituni na wakubwa wake wakimzunguka, wote kimya kwa amri, hakuna aliyemsalimu. Hugh alimsogeza kidogo mmoja wao, akaketi kando ya mfalme. Henry akaomba sindano na uzi, akaanza kushona kitambaa alichofungia kidole kilichoumia, bado kimya. Ndipo Hugh akasema: “Jinsi ulivyofanana sasa na jamaa zako wa Falaise!” Mfalme akaanguka kwa kicheko. Ni lazima umweleze msomaji sababu, la sivyo kisa kinakufa: mama yake William Mshindi, baba wa babu yake Henry, alitoka Falaise, na ilisemwa kwamba ukoo wake ulikuwa wa watengeneza ngozi. Askofu alikuwa amemtania mfalme juu ya asili yake mbele ya wakubwa wote. Baada ya kicheko alieleza hoja zake moja baada ya nyingine, na mfalme akazikubali.

La pili ni la mwezi Desemba 1197, pale Oxford. Richard alitaka mabaroni na maaskofu wamgharimie wapiganaji 300 wa farasi kwa mwaka mzima wa vita huko Normandy. Hugh alijibu kwamba kanisa la Lincoln linadaiwa huduma ya kijeshi ndani ya Uingereza tu, si ng’ambo ya bahari, na kwamba afadhali arudi kwenye nyumba yake ya kimonaki kuliko kulibebesha jimbo deni jipya. Askofu Herbert wa Salisbury alimuunga mkono. Mfalme aliagiza mali zao zitwaliwe, lakini maofisa waliogopa kutengwa na Kanisa wakashindwa kuigusa mali ya Lincoln. Mwaka 1198 Hugh alivuka bahari, akamkuta Richard kanisani pale Roche d’Andeli. Mfalme alikataa kumpa busu la amani. Hugh akalikamata vazi lake, akalitikisa kwa nguvu, akadai busu analostahili kwa kuwa ametoka mbali. Alilipata.

Ukiyaandika haya jihadhari usimgeuze Hugh kuwa mwanasiasa wa upinzani wa siku hizi. Hakupinga ufalme. Alipinga mzigo ambao sheria na desturi hazikuutaja, na hoja yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kutunza hesabu.

Tarehe na miaka

Hati za wakati huo hazikutumia mwaka tunaoutumia sisi. Hati ya mfalme ilihesabu miaka ya utawala, na miaka ya Richard ilihesabiwa kuanzia siku ya kutawazwa kwake, tarehe 3 Septemba 1189. Kwa hiyo ukikuta “mwaka wa tisa wa Mfalme Richard,” usijumlishe kwa haraka ukaandika 1198. Mwaka huo wa tisa ulianza 3 Septemba 1197 na ukaisha 2 Septemba 1198, na ndani yake ndimo kilimofanyika kikao cha Oxford. Siku nazo zilitajwa kwa sikukuu: “siku inayofuata Mtakatifu Martin” ni tarehe 12 Novemba. Hati nyingi za maaskofu wenyewe hazina tarehe kabisa, na wataalamu huzikadiria kwa kuangalia majina na vyeo vya mashahidi waliotajwa mwishoni. Ukikutana na hati ya namna hiyo andika “kati ya mwaka fulani na fulani,” na usione haya.

Kifo, mazishi na kutangazwa mtakatifu

Mwaka 1200 Hugh alisafiri hadi Ufaransa, akaitembelea tena Grande Chartreuse, akarudi akiwa mgonjwa. Alilala kwa wiki kadhaa katika nyumba ya maaskofu wa Lincoln jijini London. Jioni ya tarehe 16 Novemba 1200 aliagiza alazwe juu ya majivu yaliyomwagwa sakafuni kwa mfano wa msalaba, kama ilivyo desturi ya Wakartusi, na akafa hapo. Adam alikuwepo, kwa hiyo sehemu hii iandike kwa ujasiri wa shahidi wa macho. Mwili ulipelekwa Lincoln kwa safari ya siku kadhaa, na ulipofika mjini, Mfalme John na Mfalme William wa Scotland walikuwapo kwa shughuli zao za kidola. John alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Papa Honorius III aliagiza uchunguzi mwaka 1219, na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, akawa kati ya waliokabidhiwa kazi ya kuwasikiliza mashahidi. Hugh alitangazwa mtakatifu mwaka 1220. Wasomaji wako wanaofuatilia habari za Kardinali Otunga, aliyefariki mwaka 2003 na ambaye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu, watataka kujua tofauti. Waeleze kwamba hata mwaka 1219 mashahidi walihojiwa kwa kiapo na maelezo yao yakaandikwa na kutumwa Roma. Kilichobadilika zaidi ni idadi ya hatua zilizomo kati ya kifo na tangazo.

Kisa cha Fécamp kitakusumbua, na ushauri wangu ni kukiweka. Akiwa Normandy, Hugh alioneshwa mfupa ulioaminika kuwa wa mkono wa Maria Magdalena, akauma na kutoa vipande viwili mbele ya wamonaki waliopigwa na butwaa. Alijitetea kwamba muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameugusa Mwili wa Kristo kwa meno yake, sembuse mifupa ya watakatifu. Kukificha kisa hiki ni kumwandikia msomaji mtu wa karne ya 21 aliyevaa kofia ya karne ya 12. Kiweke, eleza kwamba masalia yalikuwa mali ya thamani kuu ambayo makanisa yalishindania, na uendelee.

Kabla ya kupeleka kwa mpiga chapa

Soma rasimu kwa sauti mbele ya mtu asiyejua lolote kuhusu Uingereza, na kila anapouliza “huyo ni nani?” ongeza maneno matatu ya maelezo palepale badala ya kuyarundika mwishoni. Majina ya watu na miji yaache kwa tahajia yake. Vyeo viandike kwa maneno ambayo parokia yako hutumia, na usiyabadilishe katikati ya kazi, maana kama uliandika “jimbo” kwenye ukurasa wa kwanza kisha “dayosisi” kwenye wa pili, kuna atakayedhani ni mahali pawili. Mpe paroko asome sehemu za sakramenti na za sheria ya Kanisa. Yeye ndiye atakayeulizwa maswali baada ya Misa.

Kwa kila aya hifadhi katika daftari lako jina la shahidi na sehemu uliyoisoma, hata kama gazeti la parokia halina nafasi ya kuyachapa, kwa sababu mwakani mtu mwingine ataombwa kazi hiyohiyo na ataanzia ulipoishia. Ukitumia picha ya askofu akiwa na batamaji miguuni, andika chini yake kwamba ilichorwa muda mrefu baada ya kifo chake, na utaje karne yake ikiwa inajulikana.